Jicho la Kushoto la Mwenye Nyumba

Kwa miaka miwili sikumsalimia Zephania, na bomba la maji tulikuwa tunatumia moja.

Nyumba yetu pale Bellevue ni ya zamani. Ilijengwa kwa ajili ya familia moja yenye piano. Siku hizi tuko familia sita na piano haipo. Mimi, mume wangu Hénock na binti yetu Falonne tuna vyumba viwili vya mbele. Zephania alikuwa na chumba kimoja cha uani, kando ya bomba. Kila asubuhi nilimkuta ameshajaza ndoo yake na kuisogeza pembeni ili niweke yangu. Alikuwa akisema, "Umeamkaje, shemeji," kwa ule upole wa Kitanzania unaokukera zaidi ukiwa na hasira, nami naitazama ndoo yangu mpaka ijae. Falonne alikuwa na miaka tisa, mzaliwa wa hapa hapa Johannesburg. Yeye alimwita malume, kama watoto wa Kizulu wanavyowaita wajomba zao, na alimsalimia kwa niaba yetu sote wawili. Nilimkataza mara moja, hakunisikiliza, nikaacha.

Niseme kwa nini nilinuna. Jumamosi moja ya mwaka 2016, mume wangu alipanda kamba ya juu ya ulingo wa mieleka, akaruka nje ili amwangukie Zephania, na Zephania hakuwepo pale alipotakiwa kuwepo. Hénock alitua kwenye saruji kwa bega na shingo. Alilala hospitali wiki tano, akavaa kola ya plastiki miezi minne, na daktari akaniambia mimi, si yeye, kwamba akianguka vile tena hatatembea. Ukumbi mzima ulisema Zephania alimkwepa makusudi. Nilimkuta kwenye korido ya hospitali amekaa peke yake, nikamwuliza kama alimwacha mume wangu aanguke. Aliangalia viatu vyake, hakujibu. Kwangu hilo lilikuwa jibu tosha.

Mimi ni fundi cherehani. Nilijifunza kwa mama yangu kule Butembo, nikaja huku na mkasi wake kwenye begi. Wateja wangu wa siku za kawaida ni watu wa harusi na wa kwaya, lakini kazi ninayoipenda, na ambayo hakuna mwingine anayeiweza mji huu wote, ni vinyago vya mieleka. Nampima mtu kichwa mara saba: paji, kisogo, sikio hadi sikio, pua, kidevu, na umbali wa kila jicho na pua. Nikishakupima sikusahau. Nikikutana na mtu kwenye robot, zile taa za barabarani, anasubiri kuvuka, namjua kwa kisogo kabla hajageuka.

Hénock mchana ni mlinzi Sandton, anasimama mlangoni kwenye jengo la vioo na kuwasalimia watu wasiomjibu. Ulingoni ni Tai wa Ruwenzori, kinyago cheupe chenye mabawa ya buluu. Watoto wanamlilia. Zephania ni mtoto wa mama wa Morogoro na baba wa Afrika Kusini aliyekuwa mkimbizi wa siasa kule. Alikuja na baba yake utawala wa makaburu ulipokuwa unaondoka. Mchana anachomelea mageti kwenye karakana moja ya Doornfontein. Ulingoni alikuwa Mwenye Nyumba.

Ungemwona ndiyo ungeelewa. Aliingia na fungu la funguo kiunoni, anaburuta sanduku la nguo. Hakusema neno. Alilifungua sanduku katikati ya ulingo, akatoa gauni la mtoto, sufuria, kiatu kimoja, akavitupa nje ya kamba kimoja kimoja, kisha akalifunga sanduku kwa kufuli na kuijaribu kufuli mara mbili. Basi. Katika ukumbi uliojaa watu waliowahi kutolewa vyumbani na vitu vyao kuachwa barabarani, huhitaji kufanya zaidi ya hapo ili uchukiwe. Wanawake walimtupia maganda ya machungwa. Mimi nilimtupia kiatu changu mwenyewe na nikarudi nyumbani nimevaa kimoja.

Mieleka hii ya vinyago tuliletewa na Mmeksiko mmoja aliyekuja na sarakasi. Sarakasi ilifilisika Johannesburg ikamwacha, akakaa mwaka mzima kwa Mzee Pitchou, Mkongo wa Lubumbashi aliyekuwa na ukumbi wa mazoezi Doornfontein. Watu walimwita Don Chucho. Aliwafundisha wanaume wetu, walinzi na mafundi na wachuuzi, kuanguka bila kuumia, akawaachia sheria za kwao. Kila mwanamieleka ni ama mwema ama mkorofi, habadiliki. Kinyago hakivuliwi mbele ya mtu mpaka kengele ya mwisho. Aliyejivua mwenyewe ameshindwa papo hapo, yeye na mwenzake, na jina lake la ulingoni limekufa, halivai tena. Na mkorofi hajitetei, si ulingoni, si sokoni, si kanisani, kwa sababu watu wakianza kumhurumia Jumatatu, Jumamosi hawatamzomea.

Aliwaachia pia shindano moja la kila mwaka. Kwao Meksiko, alisema, kuna siku wema na wakorofi wanaunganishwa wawili wawili kwa kura, adui na adui, na wanapaswa kupigana upande mmoja. Mzee Pitchou aliupenda mpango huo, akauita Chungu Kimoja, kwa kuwa ni watu ambao kwa kawaida hawaivi chungu kimoja. Kura inapigwa kwa sufuria ya Brigitte, mama anayetupikia fufu mlangoni. Majina manane ya wema yanapangwa mezani, manane ya wakorofi yanatoka kwenye sufuria, na kila jozi inashonewa vinyago vinavyofanana: upande wa kulia rangi za mwema, upande wa kushoto rangi za mkorofi. Vinyago kumi na sita kwa wiki tatu. Navishona mimi.

Mwaka 2018 Hénock alikuwa amerudi ulingoni tangu Pasaka, lakini hakuwa ameruka. Alipigana chini chini, akashika na kuangusha, watu wakampigia makofi ya heshima. Mimi nilifurahi. Yeye alikuwa anakonda. Jumapili ya kura nilikuwa nimesimama nyuma na futi yangu shingoni. Mzee Pitchou alisoma, "Tai wa Ruwenzori," akatia mkono kwenye sufuria, akafunua karatasi.

"Bandugu," akasema, "Mungu iko na mambo yake. Mwenye Nyumba."

Hénock alivuka chumba na kumpa Zephania mkono. Alimpa mkono haraka mno, na hilo lilinichoma. Usiku ule nilimwambia angeomba kura irudiwe, akaniambia kura ni kura, akageukia ukutani.

Nilishona vinyago vyote, nikaacha vyao mwishoni. Cha Hénock nilikishona vizuri, ingawa kila sindano iliyoingia kwenye ile nusu ya kijivu, rangi ya Mwenye Nyumba, iliniuma. Halafu nikashika cha Zephania. Na sasa naandika jambo ambalo nililificha.

Kinyago kizuri kinashikwa na lastiki mbili, moja kisogoni na moja ndogo iliyofichwa kwenye bitana juu ya nyusi. Hiyo ndogo ndiyo siri yangu. Inazuia kitambaa kisiteleze mtu akiinua uso. Kwenye kinyago cha Zephania sikuiweka. Na tundu la jicho la kushoto nililisogeza kuelekea pua, upana wa ukucha tu, nikalishusha kidogo. Ukikiangalia mkononi ni kinyago safi. Mtu akikivaa na kutazama mbele, anaona. Akiinua kichwa, kitambaa kinashuka na jicho la kushoto linazibwa.

Nilitaka ajikwae. Nilitaka apande ngazi za ulingo ajikwae mbele ya watu wote, wacheke, nami nicheke. Hayo tu. Sikuwaza zaidi, kwa sababu nilikuwa sijui kazi ya mieleka ni nini hasa. Miaka yote niliyokaa kwenye viti vya mbele, mume wangu alipopanda kamba nilikuwa nafumba macho. Nilifungua niliposikia kishindo na makofi. Kwa hiyo lile lenyewe, linalotokea katikati, sikuwahi kuliona hata mara moja.

Shindano lilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba, saa nane mchana. Jua liliingia kwenye madirisha ya juu ya ukumbi na kuangukia ulingo. Walikuwepo Wakongo wa Yeoville na Bellevue, Warundi, Watanzania, wazee wachache wa Kizulu wanaopenda ngumi, na wanafunzi wa chuo cha jirani waliokuja kupiga picha. Nilikaa na Falonne mstari wa pili.

Mtu ambaye hajawahi kuona Chungu Kimoja hawezi kuelewa ukumbi unavyochanganyikiwa. Watu hawajui wamshangilie nani. Mwema anasaidiwa na mtu waliyemzomea mwaka mzima, mkorofi anaokolewa na mtu aliyempasua mdomo Agosti. Jozi nyingi zinavunjika zenyewe: wanagombana nani aingie kwanza, wanasukumana, wanapigwa. Tai na Mwenye Nyumba hawakugombana. Waliingia pamoja, vinyago vya aina moja, nusu nyeupe na nusu kijivu, na Zephania hakuwa na sanduku siku hiyo. Kwenye ngazi aliinua kichwa kuwatazama watu wa juu, mguu ukakosa kidato cha pili, akaangukia magoti. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Nilicheka hadi Falonne akanitazama.

Walishinda pambano la kwanza, wakashinda la pili. Niliona kwamba Zephania hainui tena kichwa. Alipigana ameinama, kama mtu anayetafuta kitu sakafuni, na nilijipongeza.

Kabla ya fainali Mzee Pitchou aliniita. Suruali ya Hénock ilikuwa imechanika gotini. Nikaenda kwenye korido ya nyuma na sindano yangu, nikapiga magoti nikaanza kushona akiwa ameivaa. Korido ilikuwa imejaa watoto na watu wanaoomba picha, kwa hiyo walikuwa wamevaa vinyago vyao. Zephania alikuwa ameegemea ukuta. Mbele yao alikuwepo Obadia, kijana wa Mbeya, mkorofi wa jozi watakayokutana nayo. Obadia alikuwa ameshika kifundo cha mkono, kimevimba.

"Siwezi kukudaka, kaka," Obadia alimwambia Hénock. "Nisikudanganye. Mkono huu hauinui hata kikombe."

"Basi nitabaki chini," Hénock akasema. Aliisema taratibu sana.

"Utaruka," Zephania akasema. "Obadia asimame mbele, mimi nitakuwa nyuma yake kana kwamba namkaba. Watu wataona Tai kamwangukia Obadia. Uzito nitaubeba mimi."

Niliacha kushona. Nikauliza, na lilikuwa swali la kijinga kwa mke wa mwanamieleka wa miaka minane, "Kudaka nini?"

Obadia ndiye aliyenijibu, kwa adabu, kama anamfundisha mgeni. "Mwema ndiye anaruka, dada. Mkorofi ndiye anadaka. Anajifanya kaangushwa, kumbe kambeba yule wa juu asiumie. Wakorofi wote kazi yetu ni hiyo. Na huyu hapa," akamwonyesha Zephania kwa kidevu, "ndiye aliyetufundisha sote."

Niliinua macho kwa mume wangu. Alikuwa ananitazama kupitia yale matundu niliyoyakata mwenyewe. Labda kinyago kilimpa moyo, sijui. Wanaume wengine husema kweli wakiwa wamefunikwa.

"Mama Falonne," akasema, "ule mwaka kosa ilikuwa yangu. Kuko alama. Mudakaji anafungua mikono hivi, viganja juu, njo unaruka. Miye nilisikia watu banapiga kelele, nikaona raha, nikaruka bila kungoja alama. Yeye alikuwa angali anageuka. Watu bakasema ni yeye, na yeye akanyamaza, na miye nikamwacha anyamaze. Hata kwako."

Miaka sita Zephania alimpokea mume wangu kutoka juu, Jumamosi baada ya Jumamosi, wakati mimi nimefumba macho, na nilipofumbua nilimtupia kiatu. Aibu ilinipanda kutoka miguuni. Halafu nikakumbuka jicho la kushoto.

Mdakaji anatazama juu. Si anatazama juu? Atamwonaje mtu anayetoka kwenye kamba, akiwa ameinama? Na mtu mwenye jicho moja hapimi umbali. Mimi fundi naujua huo ukweli kuliko madaktari: funga jicho moja ujaribu kutunga uzi kwenye sindano, utapita pembeni mara tano.

Nilisimama. "Zephania," nikasema, na lilikuwa neno langu la kwanza kwake kwa miaka miwili. "Nipe hicho kinyago. Kuna mahali nataka kurekebisha."

Watoto walikuwa wametuzunguka. Alinitazama kidogo, ameinamisha uso. "Kiko sawa, shemeji," akasema. "Kazi yako siku zote haina kasoro."

Ningesema pale pale. Ningesema mbele ya Obadia na mbele ya mume wangu kwamba nimekiharibu kwa mkono wangu. Nilifungua mdomo, na Mzee Pitchou akapiga kelele kwamba ni zamu yao, mlango ukafunguliwa, kelele za ukumbi zikaingia, wakaondoka. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno manne na sikuyasema. Siwezi kumlaumu Mzee Pitchou kwa hilo.

Nilirudi kwenye kiti changu na sindano bado mkononi. Sijui fainali ilivyoanza. Najua kwamba mwenzake Obadia, mwema aitwaye Pacifique, alikuwa mwepesi na watu walimpenda, na kwamba walishikana muda mrefu. Nilikuwa naomba Mungu Hénock asiruke. Nilikuwa naomba ateguke mguu, kidogo tu. Halafu Obadia akatupwa nje ya ulingo upande wetu, Zephania akashuka nyuma yake akamkaba shingo, na Hénock akamwangusha Pacifique katikati na kuanza kupanda kamba za kona.

Watu waliona anakokwenda. Kelele zilipungua zenyewe, kwa sababu wote walikumbuka mwaka 2016. Alisimama juu kabisa, jua la dirishani likampiga kinyago. Falonne alinishika mkono. Safari hii sikufumba macho.

Hénock alinyanyua mikono akangoja alama.

Zephania aliinua uso. Niliona kitambaa kikishuka, kama nilivyokipanga kishuke, kikafunika jicho la kushoto. Akakisukuma kwa kidole. Kikashuka tena. Akakisukuma mara ya pili, akajaribu kugeuza kichwa ili atumie jicho la kulia, na mikono yake haikufunguka. Juu, mume wangu alikuwa anangoja. Hakuruka. Watu walianza kumwita, "Tai, Tai," kwa kelele zile zile zilizomdanganya siku ile, na yeye akabaki pale anamtazama mtu mmoja tu. Nyuma yake Pacifique alikuwa ameanza kuinuka. Walipanga aje azitikise kamba sekunde ambayo Tai ameshaondoka, naye hakujua kwamba chini kuna kitu kimeharibika. Alikuja mbio, na mume wangu alikuwa angali juu ya kamba.

Zephania alikishika kinyago kwenye paji la uso akakivuta. Mshono wangu wa nyuma, ambao sijawahi kuona ukifumuka, ulifumuka. Kikatoka.

Mwenye Nyumba alikuwa mwanaume wa miaka hamsini mwenye mvi kidevuni na makovu madogo ya cheche za kuchomelea mashavuni. Hakuwa mtu wa kutisha hata kidogo. Nusu ya watu mle ndani walikuwa wameshanunua geti kwake. Alimwacha Obadia aangukie pembeni, akapiga hatua moja nyuma, akafungua mikono viganja juu, na kwa macho yake yote mawili akamtazama mume wangu.

Hénock akaruka.

Sitaweza kueleza vizuri. Niliolewa na mtu huyu miaka kumi na mmoja na nilikuwa sijawahi kumwona akiwa hewani. Alinyooka. Hakuwa anaanguka, alikuwa anakwenda mahali. Na pale mahali palikuwa na yule mwingine, ambaye hakukimbia wala hakufumba macho. Alimpokea kwa kifua, mkono mmoja chini ya shingo, ile shingo, na mwingine kiunoni, akarudi nyuma naye hatua tatu, akakaa naye chini polepole kama mtu anavyomlaza mtoto aliyelala. Mgongo wa Zephania ndio uliogusa saruji. Nililia, na sikuona haya. Niliogopa uzuri wa kile nilichokiona.

Refa alipiga kengele. Sheria ni sheria: aliyejivua ameshindwa, na mwenzake pia. Pacifique na Obadia walitangazwa washindi, na hakuna aliyepiga makofi, si kwa chuki, watu walikuwa bado hawajarudiwa na akili. Zephania aliinuka. Alijipapasa kiunoni, fungu la funguo lilikuwa limeanguka. Mama mmoja wa mstari wa mbele, ambaye nilikuwa namfahamu kwa maganda yake ya machungwa, aliliokota, akamwendea, akampa kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo. Ndipo ukumbi ukasimama. Wazee wa Kizulu walivua kofia. Hakuna aliyepiga kelele. Alitembea katikati yao na uso wake wazi, akatoka, na Mwenye Nyumba akawa amekufa.

Hénock alilia njia nzima ya kurudi nyumbani, kwa furaha na kwa aibu. Alidhani kinyago kilifumuka chenyewe kwenye vurugu na mwenzake akamalizia kukivua. Nilimwacha adhani. Usiku mzima nilikiangalia, kwa sababu nilikiokota mimi, kiko mezani karibu na cherehani, na tundu lake la kushoto linanitazama.

Jumapili asubuhi nilichukua ndoo na kinyago nikaenda bombani. Zephania alikuwa ameshajaza ndoo yake na kuisogeza. Mgongo ulikuwa unamuuma, alisimama amejishika ukuta.

"Umeamkaje, shemeji," akasema.

"Nimeamka vibaya," nikamjibu. "Niko na jambo ya kukuambia. Hii kinyago nili..."

"Najua."

Maji yalikuwa yanaingia kwenye ndoo. Akaendelea, bila hasira, kwa sauti ya chini maana madirisha ya vyumba vyetu yako karibu. "Nilikijua nilipokivaa mara ya kwanza. Umenishonea vinyago vinane, shemeji. Sindano yako haijawahi kukosea jicho. Nikasema, basi, ana hasira zake, ana haki nazo. Nitapigana nimeinama."

"Na pale koridoni? Nilipokuomba?"

"Hénock alikuwa anakwenda kuruka. Mtu anayekwenda kuruka haambiwi kwamba mke wake na mdakaji wake wana kesi. Angepanda na mawazo. Nilidhani jicho moja litanitosha." Alichukua ndoo yake. "Yamekwisha. Asijue. Mimi nimeshazoea kubeba."

Alikuwa anaanza kuondoka na ndoo yake, ameinama kwa maumivu. Niliona atakavyofanya: ataingia chumbani mwake na hili nalo, kama alivyoingia na lile la miaka miwili, na kesho atanisalimia. Alikuwa amekwisha kuacha kuwa mkorofi jana saa kumi mchana mbele ya watu mia tatu, na bado anaifuata sheria ya Don Chucho.

"Baba Falonne," nikaita kuelekea dirishani. "Kuya hapa bombani."

Zephania aligeuka, akatikisa kichwa. "Shemeji, acha."

"Baba Falonne," nikaita tena, kwa sauti ya kuamsha nyumba nzima. Nilifunga bomba ili asikie vizuri. Hénock alitoka na fulana, anakuna kichwa, Falonne nyuma yake. Nikamwekea kinyago mikononi, nikakigeuza bitana nje, nikaweka kidole changu mahali penye kosa, nikaanza kumweleza kuanzia jicho la kushoto.